MWENYE NGUVU NA MUAMINIFU
Somo juu ya kijana aliyehitimu na adabu za kutafuta kazi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe Vyake walioko barani na walioko baharini. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, aliyechunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira kabla hajapewa Utume, na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Hili ni somo fupi juu ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za Ng'ambo, kutoka Kikwajuni hata Mwembeladu, na kutoka Mlandege hata Magomeni. Nalo ni khabari ya kijana aliyesoma hata akahitimu chuo kikuu, akavaa joho, akapigwa picha pamoja na wazee wake, khalafu akarudi barazani, ukapita mwaka, na wa pili, na wa tatu, naye hana kazi. Baba huitazama ile shahada iliyotiwa kioo ukutani akaikumbuka minazi aliyoiuza. Posa hucheleweshwa. Deni la mkopo wa masomo hungoja. Na kijana mwenyewe huanza kuona haya kukutana na watu mlangoni mwa msikiti, kwa kuchelea suali lile lile: "Vipi, umeshapata?"

Wala jambo hili si dogo, kwani ukata wa muda mrefu humfikisha mtu kwenye milango asiyoijua: mlango wa hongo, mlango wa cheti cha uwongo, mlango wa ulevi, na mlango ulio mbaya kuliko yote, nao ni kukata tamaa na rehema ya Mola wake. Kwa hivyo yafaa lisomwe kama yanavyosomwa mambo mengine ya dini, kwa utaratibu na kwa dalili.

FASLU YA KWANZA: Chanzo cha hali hii

Zamani mkono wa bahari uliingia baina ya Mji Mkongwe na upande wa mashariki. Watu wakauita upande wa pili Ng'ambo, na jina likabaki hata baada ya mkono ule kufukiwa na kuwa barabara. Ng'ambo ilikuwa ni mji wa watu wa kazi za mikono: mahamali wa bandarini, maseremala, waashi, wavuvi, wachuuzi wa samaki, madobi na washoni wa kofia. Mtoto alimuona baba yake au mjomba wake akiwa kazini, naye akajifunza kwa kumtazama na kumshikia vyombo.

Mwaka 1905, katika enzi ya Sayyid Ali bin Hamud, ilifunguliwa skuli ya Serikali katika Unguja. Nchi ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890, na Serikali ilihitaji makarani, wakalimani na walimu. Waliosoma walikuwa wachache, na aliyejua kuandika na kuhesabu kwa khati za Kizungu alipata kiti na meza. Hapo ndipo ilipozaliwa itikadi kwamba kusoma maana yake ni kuandikwa kazi ya Serikali. Itikadi hiyo ilikuwa na sababu yake katika zama zake.

Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure Zanzibar, na skuli zikaenea mjini na mashamba. Mwaka 1998 vikaanza vyuo vikuu viwili, cha Tunguu na cha Chukwani. Na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kijulikanacho kwa jina la SUZA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikapokea wanafunzi mwaka 2001. Mwaka 2011 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hata mtoto wa maskini akaweza kusoma. Hizi zote ni neema, wala hapana mwenye akili anayezikataa. Lakini watazamwe watu pia: hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu 1,303,569 katika Zanzibar, na hesabu ya mwaka 2022 ikakuta watu 1,889,773. Katika miaka 10 wameongezeka watu 586,204. Basi wenye shahada wamekuwa wengi, na meza za Serikali hazikuongezeka kwa kadiri hiyo, wala haziwezi.

Hivyo itikadi ya mwaka 1905 imebaki vichwani, na hali iliyoizaa imekwisha kuondoka. Hii ndiyo asili ya taabu: kijana husubiri mlango mmoja, na mlango huo ni mwembamba.

FASLU YA PILI: Tawakkul si kukaa

Wako wasemao, "Riziki imekwisha kuandikwa, itakuja tu." Neno hili ni la haki, lakini hutumiliwa mahali pasipokuwa pake. Ni kweli kuwa riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye ndiye aliyeamrisha katika Sura ya Ijumaa kwamba Sala ikisha watu watawanyike katika ardhi na watafute katika fadhila Zake. Aliyesali Ijumaa kisha akarudi kulala barazani amefuata nusu ya amri.

Na Mtume (S.A.W.) alipopiga mfano wa tawakkul alipiga mfano wa ndege, ambaye hutoka asubuhi ana njaa na hurudi jioni ameshiba. Wanavyuoni wamesema, na izingatiwe kuwa ndege yule hutoka. Hakuwekewa chakula katika kiota chake. Wahenga wa pwani nao walilijua jambo hili waliposema kuwa mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Na itazamwe khabari ya Abdurrahman bin Auf (R.A.), ambayo imo katika Hadithi sahihi. Alihamia Madina hali ya kuwa mali yake ameiacha Makka. Mtume akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, tajiri katika Ansari, naye akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akenda, akauza na kununua samli na jibini, na hazikupita siku nyingi akaweza kuoa. Mtu huyu hakudharau kuanza na samli, na baadaye alikuwa katika matajiri wakubwa wa Kiislamu.

FASLU YA TATU: Sifa mbili anazozitafuta mwenye kazi

Katika Sura ya Qasas imetajwa khabari ya Nabii Musa (A.S.) alipokimbia Misri. Alifika Madyan hana jamaa, hana mali, wala hana barua ya kumjulisha kwa watu. Akakuta wachunga wananywesha wanyama wao kisimani, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Akawanyweshea bila ya kuambiwa na bila ya kutaka malipo. Kisha akaenda kivulini akamuomba Mola wake kheri, naye ni fakiri. Haukupita muda akaitwa. Na mmoja katika wale wawili akamwambia baba yake amuajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni yule mwenye nguvu na muaminifu. Ndipo ukafungwa mkataba wa miaka 8, na akipenda atimize 10.

Katika khabari hii mna mafunzo matatu. La kwanza, kazi yake ilionekana kabla ya ombi: alitenda, na aliyemuona akamshuhudilia. La pili, dua yake ilikuja pamoja na jasho lake, wala haikuwa badali ya jasho. La tatu, mapatano yalikuwa wazi, muda unajulikana na malipo yanajulikana.

Na sifa zile mbili, nguvu na amana, zarudi mahali pengi. Nabii Yusuf (A.S.) alipotaka kuwekwa juu ya hazina za Misri alijitaja kwa mambo mawili: kuwa ni mwenye kuhifadhi, nayo ndiyo amana, na kuwa ni mjuzi, nayo ndiyo nguvu ya kazi ile. Na Bibi Khadija (R.A.) alimkabidhi Mtume biashara yake ya Sham kwa kuwa alisikia khabari za ukweli wake na uaminifu wake. Basi mwenye duka, mwenye karakana, mkuu wa ofisi na Serikali yenyewe, wote hutafuta hizo hizo mbili.

Sasa kijana na aitazame shahada yake kwa insafu. Shahada yashuhudia kuwa amefundishwa. Haishuhudii kuwa aweza kutenda. Na juu ya amana haisemi kitu kabisa. Kwa hivyo shahada ni sehemu ya sifa moja katika sifa mbili. Aliyenayo na asiongeze kitu juu yake, asistaajabu akiona milango haifunguki.

FASLU YA NNE: Suali na jawabu lake

Suali: Je, Mtume (S.A.W.) hakumkataza Abdurrahman bin Samura kuomba uongozi? Na Abu Dharr (R.A.) hakuambiwa kuwa yeye ni dhaifu na kazi ile ni amana? Vipi basi Muislamu atajiombea kazi na kujisifu katika barua?

Jawabu: Makatazo hayo yamekuja juu ya kupapia utawala, khasa kwa asiyeuweza. Ama mwenye kuiweza kazi, naye ahitaji riziki au kazi yahitaji mtu kama yeye, dalili yake ni Nabii Yusuf, ambaye alijitaja kwa yale anayoyajua, bila ya kuongeza. Mpaka wa jambo hili ni huu: kutaja lililo kweli ili mwenye kazi apate kuchagua vyema si kujisifu, na kutaja lisilokuwepo ni uwongo na ghushi. Hata Abu Dharr, pamoja na ukubwa wa daraja yake, alielezwa kuwa kazi fulani si yake. Basi si aibu kijana kuambiwa hivyo katika usaili. Aibu ni kuchukua amana asiyoiweza.

FASLU YA TANO: Namna ya kuidhihirisha nguvu

Kwanza, na aunganishe elimu ya kitabu na kazi ya mkono. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ina vituo Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, na Vitongoji kwa Pemba, na uko pia utaratibu wa uanagenzi, ambao mwanafunzi hujifunza chuoni na karakanani kwa pamoja. Wako wahitimu wanaoona unyonge kukaa darasa moja na aliyeishia skuli ya msingi. Na wakumbuke kuwa Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikuwa muuza nguo za hariri. Na Al-Qaffal Al-Marwazi, imamu mkubwa katika madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, alikuwa fundi wa makufuli, na jina lake hata leo ni jina la kazi yake. Elimu haikuwashusha kwenye ufundi, wala ufundi haukuwazuia na elimu.

Pili, na aonekane akitenda. Aliyesoma hesabu aende kwa wenye maduka wa Darajani, kwani wengi wanadaiwa vitabu na Mamlaka ya Mapato nao hawana wa kuwaandikia. Aliyesoma ualimu afundishe watoto wa mtaa, hata kwa ujira mdogo, na matokeo yao yatakuwa barua yake. Aliyesoma umeme amfuate fundi juu ya paa. Aliyesoma kilimo aonyeshe shamba, hata likiwa ni majaruba mawili ya mboga Bumbwisudi. Kisha amuombe kila aliyemfanyia kazi ampe maandishi ya alichokifanya na muda aliokifanya.

Tatu, ajue njia za ombi. Nafasi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hutangazwa na Tume ya Utumishi Serikalini, na za Muungano hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Na katika ajira za taasisi za Muungano Zanzibar ina mgao wa asilimia 21, ambao haufai kupotea kwa uzembe wa waombaji. Asome tangazo lote, kwani wengi huachwa si kwa upungufu wa elimu, bali kwa kukosa karatasi moja. Mara nyingi hutakiwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, vyeti vya masomo, wasifu na picha. Na mara nyingi karatasi ya matokeo haikubaliwi badali ya cheti. Basi aziweke zote tayari katika jalada moja kabla tangazo halijatoka.

Nne, barua yake iwe fupi. Aanze kwa kutaja nafasi anayoiomba kama ilivyoandikwa. Kisha aseme amesoma nini, na amefanya nini kwa mikono yake, kwa nani na kwa muda gani. Asiandike kuwa yeye ni mchapa kazi, mwepesi wa kujifunza na muaminifu. Maneno hayo huandikwa na kila mtu, hata mvivu. Aandike lile lililotendeka, na msomaji wa barua atajua mwenyewe. Wala asipeleke barua moja iliyonakiliwa kwa watu ishirini, kwani asiyejua anamuandikia nani hujulikana.

Tano, siku ya usaili afike mapema, nguo zake safi, salamu yake wazi. Akiulizwa asilolijua aseme kuwa halijui. Imamu Malik aliulizwa masuala mengi akajibu kwa mengi katika hayo kuwa hajui, na jambo hilo halikumpunguzia kitu.

Sita, awe na daftari. Aandike tarehe, mahali alipoomba, aliyezungumza naye na jawabu alilopewa. Mwenye daftari hujua alipokosea akarekebisha. Asiyekuwa nalo hudhani kuwa dunia yote imemkataa, kumbe ameomba mara tatu tu kwa mwaka.

FASLU YA SITA: Milango iliyo haramu

Wa kwanza ni hongo. Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa hongo na mwenye kuipokea. Na sheria ya nchi yaikataza pia, na iko Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mtu asijidanganye kwa kuiita "chai" au "ahsante ya mzee". Aliyenunua kiti kwa haramu hukikalia akiwa amemnyima mwenye haki yake, na mshahara wake wa kila mwezi umesimama juu ya msingi huo.

Wa pili ni cheti cha uwongo. Mwezi wa Aprili 2017, Tanzania Bara, uhakiki wa vyeti ulitoa watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini, wengine baada ya utumishi wa miaka mingi. Uwongo hukua pamoja na mwenyewe. Na siku unapozuka humkuta ana mke, watoto na deni.

Wa tatu ni kupendelewa. Hapa pahitaji ufafanuzi, kwani watu huchanganya mambo mawili. Qurani, katika Sura ya Nisaa, imetofautisha uombezi mwema na uombezi mbaya, na kila mmoja una fungu lake. Mzee anayemjua kijana akamshuhudilia kwa haki, akasema, "Kijana huyu alinifanyia kazi kadha, nami nilimuona hivi," huo ni ushahidi mwema na una thawabu. Ama mjomba aliyeko ofisini akiliondoa jina la mwenye kustahiki ili aliweke la mpwa wake, huo ni khiyana, ijapokuwa umefanywa kwa jina la kuunga udugu. Na imepokewa kuwa jambo likipewa wasiokuwa watu wake, basi Kiyama kingojewe.

Wa nne ni dalali wa safari. Wako vijana wanaoahidiwa kazi za Muscat, Dubai na Doha, wakatoa fedha kabla hawajaona karatasi. Kazi ya Ghuba si haramu. Watu wa Unguja na Oman wana udugu wa miaka mingi, na wako waliokwenda wakanufaika. Lakini asitoe senti wala hati yake ya safari mpaka ahakikishe kwa Kamisheni ya Kazi kuwa wakala yule amesajiliwa, na mpaka auone mkataba wenye jina la mwajiri, kazi, mshahara na muda. Nabii Musa, pamoja na shida yake, alijua miaka yake ni mingapi.

FASLU YA SABA: Suali juu ya kazi za mahoteli

Suali: Mwaka 2023 walifika Zanzibar wageni zaidi ya 600,000, na mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje ndiyo yanayoandika watu. Je, Muislamu aingie au aache?

Jawabu: Kazi za hoteli si hukumu moja. Kumimina ulevi, kuubeba, kuuuza na kuuhesabu kwa ajili ya kuuuza, hayo yameingia katika laana iliyotajwa katika Hadithi ya watu kumi wa ulevi, wala shida ya kawaida haiyahalalishi. Ama mambo yaliyo halali kwa asili yake, kama ufundi wa maji na umeme, ukulima wa bustani, ulinzi, uchukuzi wa wageni, kupeleka samaki, mboga na matunda, hayo hayaharimiki kwa kuwa mgeni si Muislamu. Mtume na Masahaba waliamiliana na Mayahudi wa Madina kwa biashara na ujira. Baina ya pande hizi mbili yako mambo ya shaka, na mwenye shaka amuulize mwanachuoni anayemuamini, amueleze kazi yenyewe kama ilivyo. Na mkataba ndio mahali pa kusema, kabla ya kutia saini: "Kazi hii naiweza, na hii dini yangu hainiruhusu." Atakayekataliwa kwa neno hilo amepoteza hoteli moja; atakayelinyamaza atalijibu kila siku.

FASLU YA NANE: Mfano

Na upigwe mfano wa vijana watatu wa mtaa mmoja; nao ni mfano tu, si khabari za watu wanaojulikana. Wote watatu wamesoma hesabu.

Wa kwanza alingoja majina yatoke. Kila tangazo aliliomba kwa barua ile ile, na baina ya tangazo na tangazo hakufanya kitu. Baada ya miaka mitatu hata aliyoyasoma yalimpotea.

Wa pili mama yake aliuza bangili zake, fedha akapewa dalali aliyejidai kuwa na mkono ofisini. Dalali akatoweka. Kijana hakuweza kumshitaki bila ya kujitaja mwenyewe, kwani na yeye alikuwa ameshiriki katika dhambi. Bangili hazikurudi, na mama hakumlaumu, na kutolaumiwa kule kulimuumiza kuliko lawama.

Wa tatu alikwenda Mwanakwerekwe kwa mzee muuza vifaa vya ujenzi, akakuta risiti zake zote zimetiwa katika kopo la maziwa ya unga. Akaomba apewe mwezi mmoja azipange. Katika kuzipanga aliona kuwa mletaji bidhaa alilipwa pungufu kwa kosa la hesabu; akamwambia mzee, naye mzee akalipa. Mzee alikasirika kidogo kwa fedha iliyotoka. Lakini wiki ile ile alimkabidhi kijana ufunguo wa kasha, na akamtaja kwa majirani. Leo kijana huyo aandika vitabu vya maduka manne. Tume ilipotangaza nafasi aliomba, akakosa. Akaomba tena, akakosa. Huenda akapata mara ya tatu, huenda asipate. Lakini anapongoja ana la kufanya, ana cha kumpa mama yake, na ana watu wanne watakaomshuhudilia mbele ya yeyote.

Tofauti yao haikuwa katika shahada. Tofauti ilikuwa katika lile kopo la maziwa: wa tatu alipata mahali pa kuonyesha nguvu yake na amana yake kwa pamoja.

FASLU YA TISA: Wajibu wa wazee na wenye mali

Haifai mzigo wote kuwekwa juu ya kijana. Mzazi na aache kumpima mwanawe kwa meza na kiti, wala asimwambie mhitimu anayeuza samaki kuwa "umeipoteza elimu yako". Neno hilo limewarudisha wengi barazani. Kazi mbi si mchezo mwema, na kazi ya halali si mbi.

Mwenye duka na karakana na ampe kijana nafasi ya kuonekana, lakini asimtumie bure mwaka mzima kwa jina la kujifunza. Muda wa majaribio uwe na mwisho unaojulikana, na ujira utolewe kabla jasho halijakauka, kama alivyoamrisha Mtume.

Na wenye kutoa zaka na wakumbuke mas-ala yaliyomo katika vitabu vya madhehebu yao. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka thamani ya vyombo vya kazi yake, na mwenye kujua biashara hupewa rasilmali ya kumtosha. Zaka nyingi za mji hugawiwa noti noti mlangoni katika Ramadhani, na jioni yake zimekwisha. Lau watu watano wa mtaa mmoja wangekusanya zaka zao wakamnunulia kijana mmoja fakiri cherehani, au vyombo vya umeme, au mashine ya kuchomea chuma, huenda mwaka wa pili kijana yule asingekuwa mpokeaji.

Na anayetaka rasilmali kwa mkopo ajihadhari na riba. Benki ya Watu wa Zanzibar ilianzisha huduma za Kiislamu mwaka 2011, na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi hushughulika na mikopo ya wajasiriamali. Aulize masharti kwa urefu, asome karatasi, ndipo atie saini. Na deni la Bodi ya Mikopo ni deni kama madeni mengine: mwenye kupata kazi alilipe, kwani kwa fedha hizo husoma mdogo wake.

Khatima

Muhtasari wa somo ni huu. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na kuitafuta ni amri Yake. Mwenye kazi hutafuta nguvu na amana. Shahada yaonyesha kidogo katika ya kwanza, wala haionyeshi ya pili. Basi mhitimu na atende kabla ya kuandikwa, aombe kwa ukweli, na aikimbie haramu hata ikimjia kwa sura ya bahati.

Masuali ya kujipima:
1. Kwa nini itikadi ya mwaka 1905 haifai kwa zama hizi?
2. Nabii Musa alifanya nini kabla ya kuajiriwa, na mapatano yake yalikuwaje?
3. Nini tofauti ya uombezi mwema na uombezi mbaya?
4. Fakiri mwenye ufundi hupewa nini katika zaka?
5. Ni nani katika mtaa aliyeona kazi ya msomaji wa somo hili mwezi huu, na atashuhudia nini juu yake?

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wa Kiislamu milango ya halali, awafunge na milango ya haramu, awape nguvu katika viungo vyao na amana katika nyoyo zao, na awatulize wazee wao. Amin.

Wabillahi ttawfiq.